Wanaongoja hakimu

Tukitaja gereza, hakosi mmoja wa kusema: «Acha wezi waoze humo.» Wezi gani? Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, na walio wengi hawakuwa wamehukumiwa. Katiba yetu, kifungu cha 17, humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Tarehe 2 Septemba mwaka ule, katika jaribio la kutoroka, walikufa watu 129 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi kwa kusongamana. Nasi, wakati wa Kwaresima, twapeleka sabuni katika gereza la mji wetu, twapiga picha, twarudi. Nani kati yetu amekwisha kuuliza dosie ya mahabusu mmoja imelala wapi?