Mabingwa wa kuokoka porini kwenye tivi: ni wajasiri wa kweli ao ni wachezaji wa filamu?

Jioni, kama umeme uko Katindo, utakuta vijana wanne ao watano wameinamia simu moja mbele ya kioski. Kwenye kioo, muzungu mmoja anakamua mavi ya tembo na kunywa maji yanayotoka humo. Anakula mdudu angali anatembea. Anaruka ndani ya mto wa baridi, anatoka, anavua nguo, anawasha moto kwa vijiti. Vijana wanapiga kelele: "Ule muzungu anajua maisha! Mutupe popote, atatoka." Halafu mmoja, tena mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote, anauliza: "Na ule anayeshika kamera, yeye anakula nini?"

Wenzake wanamcheka. Lakini swali la yule kadogo ndilo swali lenyewe, na sisi wa Goma tuko na sababu zetu za kulijibu vizuri.

Kilichojulikana mwaka 2007

Muzungu wa mavi ya tembo anaitwa Bear Grylls, Mwingereza. Kipindi chake kilijulikana Marekani kwa jina la Man vs. Wild, na kile cha savana alikifanyia hapa jirani, Kenya. Kila mara hadithi ni ileile: mtu mmoja ameachwa peke yake porini, na anapaswa kutafuta njia ya kurudi kwa watu.

Katikati ya mwaka 2007, mtaalamu mmoja Mmarekani aliyekuwa akisaidia kutengeneza kipindi hicho alitoboa siri. Alisema kwamba usiku mwingine, wakati watazamaji wanafikiri Grylls analala chini ya majani, yeye alikuwa hotelini. Chelezo alichoonekana akijenga kisiwani kilikuwa kimejengwa kwanza na timu, kikafunguliwa, ndipo akapewa akiunge upya mbele ya kamera. Farasi walioitwa wa porini walikuwa farasi waliozoezwa, wameletwa kwa gari. Magazeti ya Uingereza yaliandika pia kwamba katika kipindi kimoja moshi wa volkano ulisaidiwa na mashine na makaa ya moto. Wenye televisheni hawakukataa kwamba kulikuwa na usaidizi. Tangu hapo wakaanza kuweka tangazo mwanzoni: timu inamsaidia Grylls pale maisha yanapokuwa hatarini, na hali nyingine zinatayarishwa ili aonyeshe namna ya kuokoka.

Basi, ni mwongo? Hapo tusiende mbio. Grylls alitumika miaka mitatu katika kikosi cha akiba cha makomando wa Uingereza. Mwaka 1996 parashuti yake ilimsaliti huku kusini mwa Afrika, akavunjika pingili tatu za mgongo. Mwezi wa tano mwaka 1998, akiwa na miaka 23, alifika kwenye kilele cha Everest. Mgongo uliovunjika na mlima ule si vya kuigiza. Ni kusema, mtu anaweza kuwa mjasiri wa kweli katika maisha yake na mchezaji wa filamu kwenye kazi yake.

Wanaofanya tofauti

Wako wengine. Les Stroud wa Canada, katika Survivorman, alikuwa anabeba kamera zake mwenyewe na kukaa siku saba bila mpiga picha. Ndiyo maana utamwona anatembea hadi kilimani, kisha anarudi kuchukua kamera aliyoiacha nyuma. Inachosha kutazama. Mara nyingi hapati chakula, analala na njaa, analalamika. Lakini kuokoka kwenyewe kuko hivyo: ni kukaa, kusubiri, kutunza nguvu.

Wanaofuata televisheni za Kifaransa wanamjua Mike Horn, mzaliwa wa Afrika Kusini anayeishi Uswisi. Kabla ya kupeleka watu mashuhuri porini kwenye tivi, kati ya mwaka 1999 na 2000 alizunguka dunia akifuata mstari wa ikweta, bila chombo chenye injini. Mstari huo unapita hapa mkoani kwetu, kati ya Lubero na Butembo. Alivuka Congo wakati wa vita. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa maana yake.

Na tusifikiri kwamba filamu haiui. Tarehe 9 Machi 2015, huko Argentina, helikopta mbili za kipindi cha Kifaransa kilichoitwa Dropped ziligongana. Watu kumi walikufa, wakiwemo wanamichezo watatu wakubwa wa Ufaransa. Hatari ilikuwa imepangwa kwenye karatasi kama mchezo, lakini kifo hakikusoma ile karatasi.

Kamba inabebwa na nani?

Sasa turudi nyumbani, juu volkano yetu nayo ni nyota wa filamu. Haroun Tazieff aliliona ziwa la moto la Nyiragongo mwaka 1948, na mwaka 1959 filamu yake ya volkano ilitoka Ulaya. Tangu siku zile, timu baada ya timu zimekuja kushuka ndani ya shimo lile. Mwaka 2017 BBC ilionyesha Expedition Volcano: wanasayansi na daktari walipiga kambi ndani ya Nyiragongo, na Aldo Kane, askari wa zamani wa majini wa Uingereza, akisimamia kamba na usalama. Ile ilikuwa kazi ya maana. Walipima gazi na kuchukua mawe, ili volkano ijulikane zaidi.

Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kutoka Kibati mpaka juu ni mwendo wa saa tano ao sita, kwenye mawe ya lava yanayokata viatu, hadi mita karibu 3.470. Maji, hema, chakula, betri, kamba, vyote hivyo havikupanda vyenyewe. Vilipanda kwenye mgongo wa vijana wa vijiji vya huku chini, wengine wakiwa na sandali. Mbele na nyuma ya msafara kulikuwa na walinzi wa mbuga ya Virunga wenye bunduki. Kwenye filamu nyingi za aina hii, watu hawa wanaonekana sekunde chache, hawana jina, kisha muziki unapanda na shujaa anabaki peke yake mbele ya moto.

Walinzi hao, zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, 12 waliuawa siku moja karibu na Rumangabo. Mwezi wa tano mwaka 2018, mwanamke mlinzi wa miaka 25 aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa, na mbuga ikafungwa kwa watalii miezi mingi. Kama tunatafuta mtu anayeingia hatarini bila hoteli ya kurudia jioni, hatuna haja ya kununua mega.

Hapo ndipo kosa kubwa la vipindi hivi liko, zaidi ya hoteli. Mtu kulala hotelini hakumuumizi mtazamaji. Kinachoumiza ni kufuta watu walio pembeni yake. Kijana wa Katindo anabaki akiamini kwamba kuokoka ni kazi ya mtu mmoja mwenye kisu, wakati wengi waliotoka porini salama walisaidiwa na mtu aliyejua njia.

Pale mchezo unapoua

Jambo la pili ni mafundisho. Kwenye tivi bingwa anakunywa mkojo wake jangwani, na kijana anaweka hilo kichwani. Kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani kinakataza: mkojo uko na chumvi na uchafu ambao mwili umekwisha kutupa, na mwenye kiu akiunywa anazidi kukauka. Hivyo hivyo kuruka toka mwambani bila kujua kina cha maji. Mwenye kipindi ana daktari, simu ya setilaiti, na watu waliopima pale mahali kabla ya kamera kuwashwa. Wewe huna.

Tulilipia somo hilo mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei. Siku mbili baadaye, watu watano walikufa kwa kukosa hewa walipokuwa wakivuka lava iliyoanza kupoa, kaskazini ya mji. Juu ilionekana nyeusi, imetulia, kama barabara. Chini ilikuwa bado moto, na gazi inatoka. Kwenye filamu mtu anaruka lava na kuendelea na safari. Kwetu walibebwa kwenda kuzikwa.

Elimu tuliyo nayo

Huku magharibi ya mji, upande wa Bulengo na kuelekea Sake, kila mama anajua neno mazuku. Ni gazi karbonike inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo. Usiku na asubuhi mapema, kabla jua na upepo havijaitawanya, ndipo inaua zaidi. Mbuzi akilala chini haamki. Mtu akiinama kumchukua, naye anaanguka, na anayekuja kumwokoa anamfuata. Wanasayansi wa volkano duniani, wakiandika juu ya mifuko ya gazi namna hii, wanatumia neno hili letu la mazuku. Ni sisi tuliowafundisha jina, na hakuna kipindi cha kuokoka kilichotupa cheo cha bingwa kwa hilo.

Tarehe 27 Mei 2021, gavana alipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame, maelfu na maelfu walishika barabara ya Sake, kilometa karibu 25, wengine kwa miguu na mtoto mgongoni, wengine na chukudu. Nani aliamua abebe godoro ao bidoni ya maji? Nani alishika mkono wa bibi wa jirani? Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa vita mjini, maji na umeme vilikatika kwa siku kadhaa na watu walishuka ziwani kuchota. Aliyechemsha maji yale ao kuyatia dawa kabla ya kuwapa watoto alijua zaidi juu ya kuokoka kuliko anayekamua mavi ya tembo. Hakupigwa picha, na kipindupindu hakikuingia nyumbani mwake.

Hatusemi vijana wasitazame. Vipindi vile vinafurahisha, na vingine vinafundisha kweli: usipaniki, tafuta maji kwanza, jikinge na baridi, baki mahali unapoweza kuonekana. Mtu asikatazwe kupenda ujasiri. Lakini mzazi, ao yaya mkubwa, anaweza kukaa pembeni ya simu ile na kuuliza mambo matatu. Nani anashika kamera, na je, kipindi kinakubali kusema yuko? Nani alibeba mzigo na kuonyesha njia, na je, jina lake limetajwa? Nikifanya hivi mimi, hapa Goma, bila daktari na bila helikopta, nitarudi nyumbani?

Anayejibu yote matatu waziwazi, huyo mumwite mjasiri, hata kama alilala hotelini. Anayeficha majibu ni mchezaji wa filamu. Mtazame, ucheke, lakini usimwige.

Na maswali juu ya mazuku, juu ya njia za kukimbilia ao juu ya dalili za volkano, usingoje tivi ikujibu. Muulize mkubwa wa avenue yako, mtu wa Msalaba Mwekundu wa kartie, ao wataalamu wa OVG, ambao kila siku wanaisikiliza volkano yetu. Kisha keti na watoto jioni hii mukubaliane kitu kimoja: kama tukitawanyika, tutakutana wapi.