HOJA HAIFUNGWI GEREZANI

Marehemu Abdulrahman Mohamed Babu husifiwa na wengine kupita kiasi, na wengine humlaani kupita kiasi. Sisi tunaona kuwa umefika wakati wa kumpima kwa haki.

Babu, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1924, alikuwa mfuasi wa Marx asiyejificha. Waingereza walimfunga mwaka 1962. Mwaka 1963 alikiacha chama cha Hizbu, alichokuwa Katibu Mkuu wake, akaunda Umma Party, ambacho baadhi ya vijana wake walijifunza mambo ya kijeshi Kyuba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na baada ya Muungano akashika wizara mbalimbali mpaka alipoachishwa Februari 1972.

Tarehe 7 Aprili mwaka huo, Mzee Karume aliuawa. Msiba ule ulikuwa mzito, na Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwasaka wahusika. Lakini Babu aliwekwa kizuizini Bara mpaka 1978, na mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo mwaka 1974 bila yeye kuwapo. Kama alikuwa na hatia, ushahidi ungetolewa mbele yake. Kama hakuwa nayo, hata siku moja ya kizuizi ilikuwa nyingi.

Tutazame Nepal. Pushpa Kamal Dahal, aitwaye Prachanda, aliongoza vita vya msituni vya Wakomunisti kuanzia 1996 hadi 2006, vilivyoua maelfu ya watu. Mapatano yakafanywa, na mwaka 2008 akawa Waziri Mkuu kwa kura. Hatusemi kuwa damu iliyomwagika isahauliwe. Tunasema kwamba ikiwa aliyeshika bunduki aliweza kurudishwa kwenye meza ya hoja, mwenye kalamu hakustahili kuondolewa mezani.

Na hoja ya Babu haikufa. Katika kitabu alichokiandika kizuizini, kikatoka London mwaka 1981, alionya juu ya uchumi wa kuzalisha tusichokitumia na kununua tusichokizalisha. Mkulima wa korosho wa Kurui, Kisarawe, na mchumaji karafuu wa Pemba wanaielewa hoja hiyo bila kufundishwa: jasho ni lao, lakini bei hupangwa ng'ambo.

Babu alifariki London Agosti 1996. Miaka minne kabla yake, Tume ya Jaji Nyalali ilikwisha kuitaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Mapendekezo yale hayajatekelezwa yote.

Hatuna budi kuwaambia viongozi wetu, wa Visiwani na wa Bara, kwamba usalama wa nchi haulindwi kwa kumfungia mtu bila kesi. Mshitakiwa apelekwe mahakamani. Mpinzani ajibiwe kwa hoja. Mficha maradhi, kifo humwumbua.