Gharama ya Kufa

Wako watu wasemao kwamba kumtuliza mgonjwa asiyeweza kupona ni kumkatia tamaa, na kwamba mapenzi ya jamaa hupimwa kwa fedha zilizolipwa hospitalini. Kauli hiyo haina budi kukanushwa, maana huwatesa wagonjwa na kuwafilisi wanaowauguza.

Tiba shufaa ni utunzaji wa mtu mwenye maradhi mazito: kumwondolea maumivu, kumfariji, kumweleza ukweli wa hali yake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Haimnyimi dawa ya kuponya ikiwa ipo. Humwepusha tu na vipimo na mitambo isiyomwongezea hata siku moja njema.

Faida yake imehesabiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 katika hospitali 8 za Marekani ulionyesha kuwa wagonjwa waliofia humo baada ya kupata huduma hiyo waligharimu takribani dola 4,900 pungufu, kila mmoja, kuliko wenzao wa hali moja. Mbishi atasema kwamba akiba hiyo ni uhai uliokatwa. Na ajibiwe na uchunguzi wa Boston wa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea waligawanywa makundi mawili. Waliopewa tiba shufaa mapema hawakusumbuliwa sana na matibabu makali mwishoni, na nusu yao walivuka miezi 11.6, nusu ya wenzao hawakuvuka miezi 8.9.

Wala hii si anasa ya matajiri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutumia mofini ya maji, itengenezwayo kwa unga kwa gharama ndogo, naye mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Hata hivyo, wangapi kati yetu huuza ng'ombe na shamba na kufanya harambee, kisha maiti ikazuiliwa kwa ajili ya deni? Je, hiyo ndiyo heshima?

Lakini akiba isifanywe kusudi. Atakayeipenda tiba hii kwa sababu ya fedha peke yake atamnyima maskini dawa kwa jina la faraja, na huo ni udhalimu. Kusudi ni utu. Akiba ni matunda yake. Enyi vijana, mtakaokuwa waganga na watunga sheria kesho, msiyageuze mambo hayo mawili.