Trela Iliyotunza Siri

Mwaka 1960, Alfred Hitchcock alipotaka kuinadi filamu yake ya Psycho kwa trela, hakuunganisha vipande vya mchezo kama ilivyokuwa desturi, bali alisimama mwenyewe mbele ya kamera kwa zaidi ya dakika 6, akawatembeza watazamaji katika hoteli ya njiani na nyumba iliyo juu ya kilima za filamu hiyo, akianza kuyasimulia maafa yaliyotokea humo kisha akiikatiza kauli, hadi alipolivuta ghafla pazia la bafu na mwanamke akapiga ukelele. Na hata mwanamke huyo alikuwa Vera Miles, si Janet Leigh auawaye katika filamu yenyewe. Huo ndio ustadi ninaoustahi.

Trela ya filamu ya Alien, mwaka 1979, haikuwa na mazungumzo hata neno moja: yai, mbio na sauti za kutia hofu. Lakini ile ya Cast Away, mwaka 2000, ilimwonyesha Tom Hanks amekwisha kurejea kwao kutoka kisiwa alichokwama baharini. Wenye filamu hudai kwamba mnunuzi hupenda kuijua bidhaa kabla ya kutoa fedha. Hoja hiyo siikubali katu, kwa kuwa aliyekwisha kumwona Hanks yu salama nyumbani atayatazama mawimbi yote yale bila ya roho kumwenda mbio, ilhali kiingilio amelipa kamili.