Ubao Mmoja Zaidi, Vidole Viwili Chini

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnakumbuka ile video yangu ya msumeno mkubwa na cheni nyembamba. Sekunde 48. Injini inanguruma, vumbi la mbao linaruka, maandishi ya njano juu: UJANJA WA KUPATA MBAO ZAIDI. Ilitazamwa mara laki tatu na kitu. Ilinilipia rent miezi miwili. Mpaka leo hakuna kitu nimewahi kupost kikapendwa hivyo.

Jumapili iliyopita nimeifuta.

Sikuambiwa na mtu niifute. Kijana mmoja alinitumia ujumbe inboksi: "Bro, ile kitu ya cheni nilijaribu. Ikakatika." Chini yake picha ya mkono wa kulia umefungwa bandeji, na pale mwisho, mahali pa vidole viwili vidogo, bandeji inaisha mapema. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama najua mahali anaweza kupata kazi isiyohitaji mkono mzima.

Nimekaa na hiyo message siku nne. Kwa hivyo leo naandika, na najua nitakasirisha watu wawili: wale wa content wenzangu, na mabosi wa mbao. Sawa tu.

Kwanza, kwa wale wamelelewa Pipeline ama Kayole na hawajawahi kushika pawasoo. Kile kitanda unalalia, zile mbao za kumwagia slab kwa mjengo, mlango wa bedsitter yako, nyingi zilikuwa mti kwa shamba la mtu. Mti ukishaangushwa, mara nyingi gogo halipelekwi kiwandani. Anakuja msee na pawasoo, anapiga mstari kwa kamba iliyochovywa oil chafu, kisha anapasua kwa mkono, macho yakifuata mstari, mgongo umepinda kutoka asubuhi mpaka jioni. Anko wangu amefanya hiyo kazi huko Elburgon tangu sijazaliwa. Mimi nilimsaidia kila likizo, na nilipoacha uhandisi mwaka wa pili kwa sababu ya karo, ndiko nilirudi kwanza kabla ya simu na kamera.

Sasa, cheni. Kuna cheni ya kawaida, ile nzito, ya mashine kubwa. Halafu kuna ile ya wasifu mfupi: meno yake yako chini zaidi, vyuma vyake ni vyembamba, nyepesi. Watengenezaji huiweka kwenye mashine ndogo, za cc 30 hadi 45 hivi, zile za kukata matawi na kuni za nyumbani. Ujanja wenyewe ni kuitoa kwa mashine ndogo na kuivisha mashine kubwa.

Na acha niseme ukweli hata kama unaniumiza: ujanja unafanya kazi. Cheni ya kawaida inakula njia ya milimita 8 au 9 kwenye mbao. Nyembamba inakula 6 au 7. Tofauti ni kama milimita 2 kila ukipitisha. Inaonekana kidogo mpaka upasue gogo la inchi 16 kuwa mbao za inchi moja moja. Ukipitisha mara 12, umeokoa milimita 24. Huo ni karibu ubao mmoja mzima ambao ungekuwa vumbi chini ya miguu yako. Na kwa sababu injini inatafuna mbao kidogo, inapita haraka na petroli inapungua.

Hiyo ndiyo sehemu niliweka kwa video. Hiyo pekee.

Sehemu nilikata ni hii. Mashine ndogo ya cc 32 ina nguvu ya kama kilowati 1.5. Mashine kubwa ya cc 91 inafika kilowati 5.4. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Cheni iliyotengenezwa kuvutwa na mtu mmoja, sasa unaipea watatu na nusu waivute. Mashine ndogo ikikwama kwenye mbao, inakwama tu, inakufa. Mashine kubwa haikwami. Inavuta. Na kitu dhaifu kuliko vyote pale katikati ndicho kinaachilia.

Ikiachilia, iko kwa spidi gani? Sproketi ya meno 7 ikizunguka mara moja inavuta cheni kama sentimita 13. Injini ikiwa kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, hiyo ni mita 22 kila sekunde. Kilomita 80 kwa saa. Hiyo ndiyo spidi ya juu kabisa matatu inaruhusiwa, na hapa ni chuma chenye meno, na wewe uko umbali wa mkono. Cheni ikikatika inaweza kurudi nyuma kama mjeledi kuelekea mkono wa kulia, ule umeshika nyuma. Ama kipande kidogo kinachomoka na kuruka kwenye mstari wa bapa, lile chuma refu cheni inazungukia. Sihitaji digrii kwa hiyo hesabu. Nilihitaji tu kuiweka kwa video, na sikuweka, kwa sababu hesabu haipati laiki.

Kuna kitu kingine nilificha, na hiki ndicho kinaniuma zaidi. Kwa ile video tulibadilisha cheni, bapa na sproketi. Vyote vitatu. Anko alisisitiza. Mimi wakati wa kuedit nikatoa hiyo sehemu kwa sababu ilikuwa inaboesha. Kwa hivyo mtu akitazama anaona cheni inatoka, cheni inaingia, maisha yanaendelea.

Kila mtu wa boda anajua huwezi kuweka cheni mpya juu ya sproketi isiyo ya saizi yake. Huku ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu cheni hizi mbili zinafanana jina. Zote zinaitwa za robo tatu ya nusu inchi, yaani zile tatu juu ya nane zimeandikwa kwa boksi. Lakini ukipima kutoka riveti hadi riveti, ile nyembamba ni fupi kidogo. Kwa sproketi isiyo yake inapanda, inaruka, inavutika, inajichosha mapema. Na mfereji wa bapa ukiwa mpana kuliko cheni, cheni inalala upande ikikata, mkato unapinda, wewe unasukuma zaidi, na ukisukuma zaidi unaiongezea mzigo. Hakuna kitu kinakupigia kengele. Inakata vizuri asubuhi. Inakata vizuri saa nne. Halafu.

Yule kijana alibadilisha cheni peke yake. Nilimuuliza. Sproketi ilikuwa ile ya zamani, bapa ni lile la zamani, na kile kichuma kidogo chini cha kudaka cheni ikikatika kilishavunjika kabla hajaanza kazi hapo. Alimwambia bosi wake. Bosi akamwambia vitanunuliwa mwisho wa mwezi.

Sasa tuongee kuhusu huyo bosi, na simjui jina wala sitaki kujua, kwa sababu wako wengi.

Ule ubao mmoja zaidi kwa kila gogo, ni wa nani? Msee wa pawasoo analipwa kwa futi ama kwa siku. Mbao ni za mwenye gogo. Faida ya cheni nyembamba inaenda kwa mwenye mbao. Hatari ya cheni nyembamba inaenda kwa mwenye mkono. Hivyo ndivyo huu ujanja umepangwa, na mimi niliutangaza kama zawadi kwa vijana wenzangu. Niliwaambia "pata mbao zaidi" kama kwamba mbao zilikuwa zao.

Kama bosi anataka ubao wa kumi na tatu, anunue seti yote. Anunue suruali ya kujikinga, ile ya nyuzi zinazosimamisha cheni ikigusa mguu. Si hisani hiyo. Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inayompa mwajiri jukumu la usalama wa mtu aliye kazini, na mwaka huohuo tukapata sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mambo yako kwa karatasi. Lakini nenda kwa shamba lolote uangalie msee wa pawasoo amevaa nini. Gumbuti akiwa na bahati. Wengine ni sandals za tairi. Halafu siku ya ajali unaambiwa "huyo hakuwa wetu, alikuwa wa kibarua."

Najua mtasema nini kwa komenti, nimeshazisoma zote kichwani.

"Lakini majuu wanafanya." Ni kweli. Logosol ya Uswidi inauza cheni nyembamba za kupasulia mbao na inaziweka kwa mashine kubwa kabisa. Lakini angalia wanafanyaje. Wanauza na bapa lake na sproketi yake. Msumeno umefungwa kwa fremu, unateleza umenyooka, hakuna mtu anaupinda kwa mikono. Cheni yenyewe imenolewa kwa kupasua, pembe ya nyuzi 10 hivi, si zile 30 za kukata gogo kuvuka. Hawausukumi kwa nguvu. Ukitoa fremu, ukatoa bapa, ukatoa sproketi, ukabaki na cheni na imani, hufanyi kile wanafanya. Unafanya kile mimi nilipost.

"Wewe si fundi, wewe ni mtu wa simu." Sawa kabisa. Ndiyo maana anko wangu hana video hata moja na vidole vyake vyote kumi viko. Aliponiona na ile video aliniambia, "Kijana yangu, umeonyesha watu mlango ukasahau kuwaonyesha ngazi." Nikacheka. Nilidhani ni wivu wa wazee.

"Kila mtu ana akili yake, hukumlazimisha." Hii ndiyo ilinifariji siku mbili za kwanza, mpaka nikakumbuka kwamba hesabu ya watazamaji naifurahia kama ni yangu. Siwezi kuchukua laki tatu zote halafu nimkatae huyo mmoja.

Kwa wale bado watafanya, maana najua mtafanya, maisha ni magumu na bosi ni bosi, angalau sikieni hii. Badilisha vyote vitatu, ama usibadilishe chochote. Pasua kwa fremu, hata ya kuchomelewa jua kali, si kwa mkono. Noa na tupa ya milimita 4, kwa sababu ile ya cheni kubwa ya 5.2 ama 5.5 inaharibu jino. Angalia riveti kila ukijaza petroli, ukiona ufa hata kama ni wa unywele, toa. Usilainishe na oil chafu ya gari, weka ile ya cheni. Hakikisha kile kichuma cha kudaka kipo. Usisimame kwenye mstari wa bapa, na usiruhusu mtoto ama mshika kamba asimame hapo. Na ikianza kuhitaji kusukumwa, zima. Cheni kali inajivuta yenyewe. Ukisukuma, kuna kitu kimeharibika, na si mikono yako inafaa kukigundua.

Na kwa wenzangu wa content: nimeona video tatu za huu ujanja wiki hii, mbili zimenakiliwa kutoka kwangu, hata ule wimbo ni uleule. Mimi nawaomba mzitoe. Ama weka ile sehemu inaboesha. Dakika mbili za sproketi hazitakuua. Tumezoea kuita kila kitu "hack", na nusu ya hizo hack ni mtu ametoa kitu cha usalama kwa mashine halafu akaweka beat.

Yule kijana nimemtumia sehemu ya ile pesa ya rent. Haitoshi na anajua haitoshi. Alinijibu "asante bro" na emoji ya dole gumba, ya mkono wa kulia. Sijui kama alifikiria akituma. Mimi nilifikiria.

Anko amekubali nimrekodi akifanya kazi yote, kuanzia kupima bapa mpaka kunoa, bila kukatwa. Itakuwa dakika kama 20 na itaboesha. Nitaiweka hapa. Mkiona ile ya zamani imepostiwa tena na mtu, iripotini, hata kama ina sura yangu. Hasa kama ina sura yangu.

Na kama kuna mtu hapa ana kazi ya duka, ya stoo, ya kuhesabu kitu chochote, huko upande wa Nakuru ama Nyandarua, inboksi yangu iko wazi. Kuna kijana anajua mbao vizuri sana.