Mikono Isitetemeke Mbele ya Mtahini

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako yumo kijana anayesomea uuguzi, bila shaka umekwisha kuliona lile juma la kabla ya mtihani wa vitendo. Chakula hakipiti, usingizi ni wa mang'amung'amu, na neno dogo tu humtoa machozi. Aghalabu sisi jamaa humwambia, "Usiogope, utapita tu." Ni maneno ya upendo, lakini hayamfai kitu mtu ambaye moyo unamwenda mbio.

Mtihani wa kuandika humpa mwanafunzi nafasi ya kufuta na kurudi nyuma. Huu wa vitendo haumpi. Utaratibu unaofuatwa katika vyuo vingi duniani ulielezwa mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland. Mtihani hugawanywa katika vituo, kila kituo na kazi yake. Mwanafunzi hupewa dakika chache, na kengele ikilia hana budi kuhama. Mtahini ameketi na karatasi yake ya alama, hatabasamu wala hakunji uso. Ukimya huo huwaponza wengi. Mwanafunzi huudhania ukali, kumbe mtahini anatakiwa tu awatendee wote sawasawa.

Dawa ya hofu hii ni kuzoea kutazamwa. Mwanafunzi anayerudia daftari lake usiku peke yake amejizoeza kukumbuka, lakini hajajizoeza kutenda huku jicho la mtu likimfuata. Hapo ndipo jamaa mnapohitajiwa. Mama na ajilaze mkekani awe mgonjwa. Kaka ashike saa. Mdogo wao agonge sufuria muda unapokwisha. Mwanafunzi aingie, asalimu, ajitaje jina, amwulize mgonjwa jina lake, amweleze atakalomtendea na kuomba ridhaa yake. Anawe mikono kwa maji na sabuni, kazi ambayo Shirika la Afya Duniani huitaka ichukue sekunde 40 hadi 60. Kisha ahesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, na akimaliza aseme kwa sauti alichokiona. Wadogo zake watacheka. Waacheni wacheke, aliyezoea kuchekwa na wadogo zake hatatishwa na mtahini aliyenyamaza. Sindano tu ndiyo isiguswe nyumbani: hiyo ni ya chumba cha mazoezi chuoni, mbele ya mwalimu.

Na akisahau hatua? Aseme wazi, "Sikunawa mikono, nanawa sasa," kisha aendelee. Kuficha ni kubaya zaidi, kwani mazoea hayo akiyapeleka wodini atakayeumia ni mgonjwa. Kituo kilichoharibika akiache hukohuko. Mtahini wa kituo kinachofuata hakukiona.

Kutetemeka kwenyewe hakumaanishi kwamba hajui kazi. Ni mwili unaomwaga adrenalini, kama unavyofanya mtu anapofukuzwa na mbwa. Anaposubiri mlangoni, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mara kadhaa, mabega yakiwa yamelegea.

Lipo jambo moja linalonitia wasiwasi, nalo ni vidonge vya kuazimana. Wako wanafunzi wanaopeana propranololi ili mikono itulie. Dawa hiyo yaweza kumbana vibaya mno mwenye pumu. Asiimeze yeyote asiyeandikiwa na daktari, hata kama mwenzake ameimeza akapita.

Hofu ikizidi hata mwanafunzi akawa anatapika kila siku, au anataka kuacha masomo, mpelekeni kwa mshauri wa wanafunzi au kwa daktari mapema, msingoje siku ya mtihani.

Asubuhi ya siku yenyewe mpikieni uji, mwacheni aondoke mapema, na msimwulize maswali ya kitabuni akiwa anafunga viatu. Akirudi jioni, apate chakula kwanza, ndipo mumwulize ilikuwaje.