Mafuta ya giligilani: yanukishe nyumba, lakini tusiyafanye dawa

 

Leo nataka tuzungumze habari ya vichupa vidogo ambavyo siku hizi navikuta karibu kila nyumba ya Waswahili ninayokaribishwa hapa Uingereza: mafuta ya giligilani, yale makali ya kununua dukani katika kichupa cheusi cha mililita 10. Wengine wanayatia kwenye maji ya kupigia deki, wengine kwenye maji ya kuogea mtoto, na wapo wanaoweka tone kwenye kijiko cha asali wakanywa kwa ajili ya gesi tumboni. Ukiwauliza wanakwambia, "Dada, hii si giligilani tu? Si tunaila kila siku kwenye pilau?"

Mimi ni muuguzi, nimesomea kazi hii nyumbani Tanzania na nikaisomea tena huku. Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane: mafuta haya ni dhaifu pale tunapoyaamini, na ni makali pale tusipoyaogopa. Sakafuni hayaui wadudu kama mnavyodhani, lakini mtoto yanaweza kumuunguza.

Tuanze na huo ukali. Mafuta haya hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye mbegu. Kilo nzima ya mbegu hutoa gramu chache tu, mara nyingi kati ya 3 na 10. Maana yake ni kwamba kichupa chako kimoja kinaweza kuwa kimebeba mbegu za kilo moja au zaidi. Nani kati yetu amewahi kupika pilau kwa kilo ya giligilani? Bibi zetu waliotuchemshia mbegu tukiumwa tumbo walitumia kijiko kimoja kwenye sufuria ya maji. Hicho ni chakula. Cha kwenye kichupa ni kitu kingine, ingawa jina ni moja. Tena msichanganye na kotmiri, yaani yale majani: mafuta ya majani yana viini tofauti kabisa na ya mbegu.

Sasa habari ya kuua wadudu. Wanaoyasifu hawajazua tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Beira Interior, Ureno, walichapisha utafiti wao ambapo walijaribu mafuta ya giligilani juu ya bakteria wa aina 12, wakiwemo Salmonella na wale bakteria sugu wa MRSA. Bakteria wote walipungua nguvu ya kukua, na wengi walikufa, katika mchanganyiko wenye mafuta asilimia 1.6 au chini yake. Habari nzuri, lakini ile ilikuwa maabara, siyo jikoni kwako. Hebu tufanye hesabu pamoja. Ndoo yako ya deki ina maji lita 5. Unatia matone 10, ambayo ni kama nusu mililita. Hiyo ni asilimia 0.01. Ili ufikie asilimia 1.6 unahitaji mililita 80, yaani vichupa 8 kwa ndoo moja! Na hata ukivimwaga vyote 8, mafuta na maji havipatani, yataelea juu na kitambaa chako kitapaka mafuta upande mmja na maji matupu upande mwingine.

Kwa hiyo ukikata kuku, ubao wake na kisu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Mtoto akitapika au akiharisha, choo na sakafu visafishwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki iliyochanganywa na maji kama kibandiko kinavyosema, dirisha likiwa wazi. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine yoyote ya kusafishia, maana hutoa gesi yenye sumu. Baada ya hapo, ukitaka nyumba inukie giligilani, inukie.

Kuhusu kuunguza, hapa nina ushahidi wangu mwenyewe na naona aibu kidogo kuusema. Mwanangu alipokuwa na miaka 3 alishikwa na mafua. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nimechoka, nikamjazia beseni la maji ya vuguvugu nikadondosha matone 6 ya mafuta haya, nikijua yatampa nafuu ya kupumua. Baada ya dakika chache akaanza kulia. Nilipomtoa, mapaja na makalio yalikuwa mekundu kama aliyekaa kwenye upupu. Yale mafuta hayakuchanganyika na maji, yalielea, alipokaa yakamganda mwilini yakiwa makali vile vile. Nikamwosha kwa sabuni na maji mengi, na baada ya siku mbili ngozi ikatulia. Mimi ni muuguzi nimefanya hivyo, sembuse wewe ambaye hujawahi kuambiwa?

Liko na jambo jingine. Kiini kikubwa cha mafuta haya kinaitwa linaloli. Kikikaa na hewa muda mrefu hubadilika, na kile kinachotokana nacho huwaletea watu wengine mzio wa ngozi. Kwa hiyo kichupa cha zamani kilichobaki wazi bafuni si cha kupaka mwilini, hasa kwa wenye ukurutu.

Basi kwa kifupi, haya ndiyo ninayowaomba:

1. Usiyanywe, na usimpe mtoto kwa ajili ya mchango wala kikohozi. Mbegu za kuchemsha ni za mtu mzima kama kinywaji. Mtoto mchanga anayelia na tumbo mpeleke akaonwe.

2. Usiyapake ngozini bila kuyapunguza, na usiyatie kwenye maji ya kuogea.

3. Kichupa kifungwe na kiwekwe juu, mbali na watoto. Usiyahamishie kwenye chupa ya maji au ya dawa ya kikohozi. Sisi tuna tabia hiyo ya kutotupa chupa, na mtoto haoni tofauti.

4. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Chukua kichupa mkononi upige simu: Uingereza ni 111, na kama anapumua kwa shida au amelegea ni 999. Marekani kituo cha sumu ni 1-800-222-1222.

5. Nyumba yenye mwenye pumu, mjamzito au mtoto mchanga, zile mashine za kutoa mvuke wa manukato ziwashwe kwa uangalifu au ziachwe kabisa. Ukiona mtu anakohoa, zima na ufungue dirisha. Hata udi na ubani ni hivyo hivyo, moshi ni moshi.

Ukitaka kuyafaidi bila madhara, weka matone 2 au 3 kwenye pamba uiweke ndani ya kabati la viatu, au chini ya pipa la taka ulilokwisha kuliosha. Au dondosha machache kwenye sabuni ya maji, koroga, ndipo uimimine kwenye ndoo. Sabuni ndiyo inayoyapatanisha na maji. Kazi ya kusafisha ni ya sabuni, harufu ni ya giligilani.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mara nyingi tunanukisha nyumba kwa sababu kuna harufu ya unyevu. Tunaishi wengi kwenye vyumba vichache, tunaanika nguo ndani, hita tunazima kuogopa bili, nyuma ya kabati ukuta umekuwa mweusi kwa kuvu. Mgeni akija tunafukiza na kudondosha mafuta. Tunaificha harufu, lakini kuvu bado tunaivuta sisi na watoto.

Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, miaka 2, alifariki huko Rochdale. Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Sudan. Mwaka 2022 mahakama ya uchunguzi ilisema kifo chake kilitokana na kuvuta hewa ya kuvu ndani ya nyumba yao kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Kutokana na kifo hicho ikatungwa sheria yenye jina lake, na kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii England wanatakiwa kuchunguza unyevu na kuvu ya hatari ndani ya siku 10 za kazi, na jambo la dharura ndani ya saa 24.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukinusa unyevu usikimbilie kichupa. Piga picha ukuta, andika barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Kama nyumba si ya kijamii mwandikie mwenye nyumba, asiposikia nenda idara ya afya ya mazingira ya kaunsili yako. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwombe jirani au mwanao akuandikie. Usiogope kuitwa msumbufu. Kodi unalipa.

Nyumba safi kwanza haina harufu yoyote. Giligilani ije baadaye, kama marashi baada ya kuoga.



Dada yenu, muuguzi